Solo ya Ngoma: Ufundi wa Mkono au Muziki?

Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Methali hii tumezoea kuifundisha darasani kama onyo kwa mtu mwenye majivuno, au kwa jambo lililopata umaarufu wa ghafla. Ni mara chache tunaisoma kwa maana yake ya karibu, yaani kama maneno ya watu waliozijua ngoma zenyewe. Mtu aliyepata kuwamba ngozi anafahamu kwamba ngoma inayopigwa kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho huichosha ngozi, humchosha mpigaji na, zaidi ya yote, humchosha msikilizaji. Katika makala haya tunaichukua methali hiyo kwa maana hiyo ya karibu. Tunauliza: mpigaji anapoachiwa uwanja, ni kitu gani kinachoufanya upigaji wake uwe muziki, na si maonyesho ya wepesi wa mikono tu?

Huenda msomaji akashangaa kuliona swali hili katika jarida la Idara ya Kiswahili. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mahali pake. Ngoma imo katika kila muhtasari wa somo la fasihi simulizi. Wanafunzi wetu wanajua kuitaja miongoni mwa sanaa za maonyesho, kuigawa katika aina zake, na kueleza dhima zake katika jamii: kuburudisha, kuelimisha, kuhifadhi historia, kuunganisha watu. Lakini ni nadra kuwafundisha kuisikiliza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuandika kurasa tatu kuhusu dhima ya ngoma bila kuweza kueleza kwa nini mpigaji wa kwanza amemwacha baridi na wa pili amemwinua kitini. Hilo ni pengo la uhakiki. Na pengo la uhakiki halibaki darasani, kwa sababu makofi ya watazamaji nayo ni mwalimu. Kijana anayejifunza kupiga hurudia kile alichopigiwa makofi. Tukishangilia kasi peke yake, tutapata kasi peke yake.

Solo ni nini?

Neno solo wapenzi wa muziki wa dansi wanalijua kupitia gitaa. Bendi zetu huwa na gitaa la solo, gitaa la rithimu na gitaa la besi, na kila mtu anajua kwamba gitaa la solo ndilo linalotangulia mbele na kusema. Sisi tunalitumia hapa kwa maana hiyohiyo kuhusu ngoma: ni sehemu ambapo mpigaji mmoja anatoka katika kazi ya kuwashikia wenzake mwendo, akapewa nafasi ya kusema la kwake.

Tunasema makusudi "kusema". Katika Kirundi ngoma haigongwi tu. Huvuga, na kitenzi hicho ndicho hichohicho cha binadamu kunena. Mti unaochongwa ngoma, ambao kwa Kiswahili unaitwa mringaringa, kwa Kirundi unaitwa umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Tena neno ingoma lenyewe lina maana mbili: chombo kinachopigwa na utawala wa mfalme. Kiswahili nacho kimelipa neno ngoma upana wake: ni ala, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Mtu akisema "leo kuna ngoma", hamaanishi kwamba kuna kigogo kilichowambwa ngozi. Anamaanisha kwamba kuna watu. Lugha hizi mbili, kila moja kwa njia yake, zinatuambia jambo ambalo mhakiki wa solo hana budi kuanza nalo: kwamba ngoma haiko peke yake hata pale inapopigwa na mtu mmoja.

Inkiranya na wenzake

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kabla ya ufalme kufutwa mwaka 1966, ngoma hizi zilihusiana na mambo makubwa ya nchi: kutawazwa kwa mwami, mazishi yake, na umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Leo tunazisikia katika sikukuu za taifa, katika kuwapokea wageni na katika harusi.

Mpangilio wake unajulikana kwa yeyote aliyezitazama kwa makini. Ngoma huwa kumi na kitu hivi, na idadi yake huwa witiri. Hupangwa katika nusu duara, na moja, inayoitwa inkiranya, huwekwa katikati. Zilizobaki zina kazi za aina mbili. Amashakwe hushika pigo moja lisilokatika. Ibishikizo huifuata inkiranya, zikiupokea mwendo inaoutoa. Wapigaji hawabaki mahali pamoja. Kwa zamu, mmoja hutoka mstarini, akaja mbele, akacheza, akaruka, akaipiga inkiranya, kisha akampisha mwenzake.

Mtazamaji wa mara ya kwanza huona miruko. Hatumlaumu, kwa sababu miruko hiyo ni mikubwa na inapendeza. Lakini hebu tusikilize kinachotokea mtu anaporuka. Wakati miguu yake iko hewani, fimbo zake hazigusi ngozi. Inkiranya imenyamaza. Amashakwe zinaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, na sisi tunaosikiliza tunabaki tumening'inia pamoja naye, tukingoja ateremke. Akiteremka juu ya pigo, tunahisi kwamba sentensi imefika kwenye nukta. Akiteremka nje ya pigo, hata mtoto anajua kuwa kuna kitu hakikukaa sawa. Kwa hiyo mruko si pambo lililobandikwa juu ya muziki. Ni kimya kilichopimwa, na kipimo chake kimeshikwa na watu wengine.

Hapa tunapata sharti la kwanza la solo yenye muziki: lazima pawe na kitu kinachobaki ili kitu kingine kiweze kuondoka. Bila amashakwe, mpigaji wa inkiranya hana mahali pa kutoka wala pa kurudi. Angeweza kupiga mapigo mengi maradufu, lakini hakuna ambalo lingetushtua, kwa kuwa hatungekuwa na tegemeo la kuvunjwa.

Sharti la pili limo katika kazi ya ibishikizo. Kwa kuwa zinaipokea inkiranya, mpigaji wa katikati analazimika kupiga kitu kinachopokeleka. Kauli iliyojaa mapigo hadi pomoni haina mlango wa mwenzake kuingilia. Kauli fupi, yenye umbo linaloshikika na nafasi mwishoni, inaitika. Wale waliozoea utendi, ngonjera au hata hadithi za jioni wanalijua jambo hili: fanani mzuri huacha nafasi ya hadhira kuitikia. Solo ya inkiranya ni ya mtu mmoja, lakini imejengwa na masikio ya wengi.

Miguu ya Max Roach

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya ngoma za kundi, na kwamba mpigaji wa dramu za kisasa aliyeketi peke yake jukwaani ana sheria nyingine. Basi tumwangalie mpigaji aliyelichukua swali hili kwa uzito mkubwa. Max Roach, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1924 huko North Carolina na kufariki mwaka 2007, alikuwa miongoni mwa waliobadilisha upigaji wa dramu katika muziki wa jazi tangu miaka ya 1940. Mwaka 1966 ilitoka sahani yake iitwayo Drums Unlimited, ambayo vipande vyake vitatu ni dramu tupu, bila tarumbeta, bila piano, bila besi. Kimojawapo kinaitwa The Drum Also Waltzes, na kina urefu wa dakika tatu na nusu hivi.

Kipande hiki kina mwendo wa mapigo matatu, kama dansi ya waltz inayotajwa katika jina lake. Mguu mmoja unapiga ngoma kubwa ya chini kwenye pigo la kwanza. Mguu wa pili unafunga matoazi mawili ya kanyagio kwenye pigo la pili na la tatu. Moja, mbili-tatu, moja, mbili-tatu. Juu ya miguu hiyo, mikono inasema kauli fupi, inanyamaza, inaisema tena ikiwa imegeuzwa kidogo, inakwenda mbali nayo, kisha inarejea nyumbani kwenye ile kauli ya mwanzo.

Msomaji ameshaona tunakoelekea. Roach hakuwa na wenzake wa kumshikia mwendo, kwa hiyo aliwatengeneza katika mwili wake mwenyewe. Miguu yake ni amashakwe, na mikono yake ni inkiranya. Hatusemi kwamba alijifunza kutoka Burundi. Tunachosema ni kwamba wapigaji wawili walio mbali kiasi hiki, wakikabiliwa na tatizo moja, wamefikia jibu la aina moja, na jambo hilo lazima limfikirishe mhakiki.

Kuna la kuongeza. Kauli ya mwanzo ya Roach ni nyepesi. Mwanafunzi wa miaka miwili anaweza kuipiga. Ugumu uko katika kuikumbuka na kuirudisha wakati unaofaa, msikilizaji akiwa ameshaanza kuisahau. Anaposikia imerudi, anatambua kwamba muda wote huo alikuwa akiongozwa na mtu anayejua anakokwenda. Washairi wetu wana jina la kitu kinachofanya kazi ya namna hii: kibwagizo. Ule mstari unaorudi mwishoni mwa kila ubeti haurudi ukiwa na maana ileile, kwa kuwa mistari iliyoutangulia imeshaubadilisha. Katika sahani hiyohiyo Roach ana kipande kingine, For Big Sid, cha kumuenzi mpigaji aliyemtangulia, Sid Catlett, nacho pia kinachukua kauli moja na kuigeuza huku na huku. Ni ngoma tupu, lakini mtu anaweza kuondoka akiivumisha mdomoni kama wimbo.

Kimya kama pigo

Mfano wa tatu ni maarufu kiasi kwamba wengi wameusikia bila kujua jina lake. Mwaka 1959 kundi la Dave Brubeck lilirekodi Take Five, kipande kilichotungwa na mpiga saksafoni Paul Desmond katika mwendo wa mapigo matano. Katikati yake kuna solo ya dramu ya Joe Morello. Wakati wa solo hiyo piano haikunyamaza; Brubeck anaendelea kurudiarudia pigo lake moja, na Morello anajenga juu yake.

Morello alikuwa na mikono yenye uwezo mkubwa sana, na wapigaji wenzake walilijua hilo. Kwa hiyo inafaa kuuliza kwa nini anaanza solo ile kama mtu mwenye haya. Anapiga, anangoja. Anapiga tena, anangoja zaidi. Piano inapita, inazunguka, inapita tena, naye bado hajarudi. Tunaanza kuhesabu bila kujua kwamba tunahesabu. Anaporudi, pigo moja tu linakuwa na uzito ambao mapigo ishirini yaliyobanana yasingeweza kuwa nao. Baadaye anaongeza, anajaza, anainua sauti, na wakati huo tuna haki ya kufurahia wepesi wake, kwa sababu tumeuona ukizaliwa kutoka kwenye kitu kidogo.

Kimya basi si upungufu wa mapigo. Ni pigo ambalo msikilizaji analipiga mwenyewe moyoni. Mpigaji asiyeacha kimya anamnyang'anya msikilizaji kazi yake, na mtu aliyenyang'anywa kazi huanza kutazama saa.

Pingamizi la haki

Tunajua kuna watakaotupinga, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: je, ufundi wenyewe si uzuri? Mtu anayepiga mapigo mia bila hata moja kukosea hatustahili kumstaajabia? Watamtaja Buddy Rich, aliyefariki mwaka 1987, ambaye kasi yake na unyoofu wa mkono wake vilikuwa gumzo la wapigaji kwa miongo mingi. Watakumbusha kwamba mwaka 1959 yeye na Max Roach waliwekwa uso kwa uso katika sahani iliyoitwa Rich Versus Roach, kila mmoja na bendi yake, na kwamba tangu hapo watu hawajachoka kubishana nani alishinda.

Tunajibu hivi. Kwanza, hatudharau mkono. Wazo lisilo na mkono wa kulitoa halisikiki. Mpigaji ambaye mapigo yake hayalingani hawezi kuacha kimya chenye maana, kwa kuwa sisi hatutajua kama amenyamaza au amekosea. Kimya cha Morello kinaaminika kwa sababu mkono wake unaaminika. Ufundi ndio unaomfanya msikilizaji ampe mpigaji imani yake.

Pili, kustaajabu ni jambo jema, ila huisha upesi. Mtu akibeba gunia mbili kwa mpigo mmoja tunamshangaa. Akizibeba mara ya kumi, tunaendelea na mazungumzo yetu. Muziki ni kile kinachotufanya turudi kusikiliza mara ya kumi, hali tunajua kila pigo litakalokuja. Rich mwenyewe, anapokuwa katika ubora wake, ana muziki: sikiliza anavyolitoa pigo la kuviringisha kutoka chini kabisa, karibu na mnong'ono, akalipandisha hatua kwa hatua hadi likajaa ukumbi. Hiyo si kasi. Hiyo ni safari, na tunaipenda kwa sababu ina mwanzo, mwelekeo na kikomo. Kwa hiyo swali la nani alimshinda nani linatupeleka kombo. Linageuza usikilizaji kuwa uamuzi wa mbio.

Tatu, tunapendekeza vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia bila kujua nota hata moja. Solo ikiisha, weka vidole juu ya meza na ujaribu kugonga kitu ulichokisikia humo. Ukiweza kukumbuka hata kauli moja, mpigaji alisema kitu. Ukibaki na kumbukumbu ya "alipiga haraka mno" peke yake, ulitazama kuliko ulivyosikia. Kipimo cha pili ni kujiuliza: nusu ya mapigo yale yangeondolewa, tungepoteza maana au tungepoteza jasho tu?

Wapo wanaopendekeza kipimo cha tatu, cha kufumba macho. Sisi hatukikubali kwa ngoma zote. Kwa solo ya sahani kinafaa. Kwa inkiranya kinadhulumu, kwa sababu, kama tulivyoonyesha, mwili wa mchezaji ni sehemu ya hesabu. Anayefumba macho pale anakosa kujua kimya kimetoka wapi.

Ngoma iliyokatwa

Kinachotutia wasiwasi ni kwamba tabia ya kutenganisha ufundi na muziki si ya vijana peke yao. Ina historia. Katika miaka ya 1960 ngoma za Burundi zilirekodiwa na Wafaransa na kutolewa katika sahani. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alichukua kipande cha rekodi hiyo, kikaunganishwa kiwe kitanzi cha kuzunguka, akaimba juu yake katika The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya vikundi vya vijana wa Uingereza navyo vilijenga mtindo wao juu ya mdundo huo. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi wenyewe walikuwamo katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza, na tangu hapo dunia imewaona mara nyingi.

Wimbo wa Mitchell ni wa kijasiri, nasi hatuko hapa kumhukumu. Lakini angalia kitanzi kinafanya nini. Kitanzi kinachukua ardhi na kumwacha aliyekuwa akitembea juu yake. Ngoma inayozunguka vilevile kila mara haiwezi kumjibu mtu, haiwezi kushtuka, haiwezi kungoja mruko utue. Ni amashakwe bila inkiranya. Wasikilizaji wengi wa mbali walizijua kwanza ngoma zetu kwa namna hiyo: nguvu nyingi, watu wengi, hakuna anayesema.

Sasa tutazame nyumbani, ambako tunaona kosa la upande wa pili. Katika harusi na mikutano, waandaaji huwapa wapigaji dakika chache kati ya hotuba na chakula. Dakika hizo hazitoshi kuitandika ardhi, wala kuisikiliza kauli ikijengwa. Mpigaji mwenye akili anafanya kinacholipa: anaingia na mruko mkubwa kuliko yote, anafuatisha na mwingine, simu zinanyanyuliwa, makofi yanapigwa, wageni wanakwenda mezani. Huku tuna inkiranya bila amashakwe. Kijana aliyejifunzia katika mazingira hayo hatajua kwamba kuna kitu kimepungua, kwa kuwa hajapata kukisikia. Hili ndilo linalotuhofisha kuliko kupotea kwa ngoma zenyewe. Ngoma zipo, na wapigaji wapo. Kinachoweza kupotea bila kelele ni yale mazungumzo kati ya anayebaki na anayeondoka.

Na sisi walimu wa ushairi je?

Tungekuwa wanafiki kama tungewanyooshea kidole waandaaji wa harusi na kuiacha idara. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, alituandikia Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichoweka wazi kanuni za vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyozifuata kanuni hizo, na mjadala ukawaka. Wanafunzi wetu wanaufahamu mjadala huo kama orodha ya majina: wanamapokeo upande huu, wanausasa upande ule.

Ngoma inaweza kuwasaidia kuuelewa vizuri zaidi. Mizani ni amashakwe ya shairi. Nane kwa nane, mshororo baada ya mshororo, huitandika ardhi. Lakini shairi halitunzwi kwa sababu mizani imetimia, kama ambavyo solo haitunzwi kwa sababu miguu haikukosea. Shairi linaanza pale sentensi inapoegemea kwenye kituo na kukataa kutulia, au pale neno zito linapongojewa hadi kina cha mwisho. Mshairi wa mapokeo aliyebobea anafanya hivyo ndani ya kanuni. Mshairi wa mtiririko huru aliyebobea naye hana uhuru wa kutokuwa na ardhi; inambidi aitengeneze mwenyewe, kwa takriri, kwa urefu wa pumzi, kwa sauti, kama Roach alivyoitengeneza kwa miguu. Asipofanya hivyo anabaki na mruko usio na pa kutua.

Sasa tuangalie jinsi tunavyosahihisha. Mwanafunzi akileta tarbia yenye mizani kumi na sita kila mshororo na vina visivyo na doa, tunampa alama nyingi hata kama hakuna alichosema. Akileta shairi lenye kauli moja ya kweli na mshororo mmoja uliopungukiwa na mizani moja, tunaizungushia mizani hiyo kalamu nyekundu. Katika mashindano ya kughani nako, anayetema maneno kwa kasi huku akirusha mikono ndiye anayepata makofi. Tunahesabu kwa sababu kuhesabu ni rahisi na hakuleti ugomvi. Kuhukumu kama kitu kimesemwa kunadai msahihishaji asikilize, tena ajitetee.

Mapendekezo yetu ni madogo. Katika kipindi kimoja tu cha fasihi simulizi, mwalimu awapigie wanafunzi The Drum Also Waltzes, kisha awaonyeshe wapigaji wa Gishora au wa kundi lolote la karibu wakiipokezana inkiranya bila kukatwa na ratiba. Nusu ya darasa igonge meza ikishika pigo la chini, nusu nyingine ifuatilie kauli ya juu, kisha wabadilishane. Baada ya hapo kila mmoja aandike ukurasa mmoja: ni kauli gani ilirudi, ilirudi ikiwa imebadilikaje, na kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa wapi. Wiki inayofuata, maswali hayohayo matatu yaulizwe kuhusu shairi. Mwalimu atakayejaribu zoezi hili, iwe limefaulu au limekwama, tunamwomba atuandikie ili matokeo yake yachapishwe katika toleo lijalo.